Gari Nililiunguza Mimi, Nikamtaja Shemeji

Niliharibu jina la mtu kwa makusudi, na siku ile nililala vizuri. Hilo ndilo linalonitisha zaidi nikikumbuka. Sikugaragara kitandani, wala moyo haukunisuta. Nililala kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Nakueleza wewe kwa sababu hunijui. Wanaonijua hapa mtaani Rwezamenyo habari wanayo tayari, na kila mmoja anaisimulia anavyopenda. Acha nikupe yote, hata ile sehemu inayonuka.

Mimi ni dereva. Namwendesha mfanyabiashara mmoja wa vitambaa mjini Kigali, mtu mzima, Mkatoliki asiyekosa misa. Namwita patroni, kama wanavyomwita wafanyakazi wake wote. Gari lake ni la Kijapani, buluu iliyokoza, ile rangi inayometameta juani kama imechanganywa na chumvi. Alilipenda kuliko duka lake. Mimi pia nililipenda. Kila asubuhi nililifuta vumbi kwa kitambaa mpaka nijione uso mlangoni.

Nina dada mmoja, Zaina. Baba alipofariki mimi ndiye nikawa mkubwa wa nyumba, na mimi ndiye nilimwoza kwa Rashidi, fundi wa rangi za magari. Rashidi alikuwa na jina mtaa mzima wa Nyamirambo. Gari likikwaruzwa au likififia kwa jua, watu walikuwa na neno moja tu: mpelekee Rashidi. Nilimkabidhi dada yangu kwa mikono miwili, nikajisifu kwamba nimepata shemeji.

Miaka michache baadaye nikaenda kumsalimia mama, nikamkuta Zaina ameketi barazani na masanduku yake. Rashidi kampa talaka.

"Amekufanya nini?" nikamuuliza.

Akalivuta sanduku moja karibu na miguu yake.

"Zaina, amekufanya nini yule mtu?"

"Kaka, niache nipumzike."

Basi nikajijibu mwenyewe. Nikasema amempiga. Nikasema ana mwanamke mwingine. Kila wiki nilimwongezea kosa jipya kichwani mwangu, na kila kosa niliamini kama nimeliona kwa macho. Ilikuwa talaka moja tu, si kitu kisichotengenezeka, lakini kwangu mimi moja ilitosha. Nilipokutana na Rashidi msikitini nilihama safu. Akinitolea salamu niliijibu kwa kuwa dini inanilazimisha, na nikaijibu kwa meno.

Nikaapa moyoni kwamba siku yake itafika. Sikujua itafikaje. Nilikuwa nasubiri tu, kama paka mbele ya tundu.

Ikafika kiangazi cha mwaka jana, 1992. Binti wa patroni alikuwa anaolewa, na patroni alitaka ampeleke kanisani kwa gari lake mwenyewe. Tatizo, gari lilikuwa limechoka. Ukilitazama juani uliona mikwaruzo midogo midogo ya duara, kama utando wa buibui, mwili mzima. Mlango mmoja ulikuwa umeparuzwa na miba ya ua.

Patroni alikuwa anasafiri kwenda Rusumo kupokea mzigo wake. Tangu vita vianze kaskazini, bidhaa zake zote zilikuwa zinapitia upande wa Tanzania, na mara nyingi ilibidi aende mwenyewe. Kabla hajaondoka aliniita.

"Hii gari iko kama imezeeka," akasema. "Peleka kwa Rashidi, pale garaji. Aisugue, aipige polishi. Nikirudi nataka kuona uso yangu ndani yake."

"Patroni, mafundi wako wengi."

"Wengi ndiyo. Mimi nataka Rashidi."

Alijua Rashidi alikuwa shemeji yangu. Hakujua kilichokuwa moyoni mwangu.

Nikaenda. Rashidi akatoka ndani akijifuta mikono, akanisalimia vizuri, "Karibu shemeji," kana kwamba hakuna lililotokea. Akainama kando ya gari, akaliangalia dhidi ya jua, akapitisha kidole juu ya kapo, yaani kile kifuniko cha injini.

"Hii siyo miba," akasema. "Miba ni huku mlangoni tu. Hii ya duara ni ya kitambaa kikavu. Nani analifuta hili gari?"

Wenzake walikuwa wamesimama pale. Mmoja akacheka. Nikasikia masikio yanapata moto.

"Si kosa kubwa," Rashidi akasema haraka, nadhani aliona uso wangu. "Vumbi letu lina mchanga. Ukilifuta kavu ni kama unapiga msasa. Limwagie maji kwanza. Niachie gari, nitalisugua taratibu. Hapa kwenye kapo rangi imebaki nyembamba, panataka mkono wa polepole."

Kama angekuwa mtu mwingine ningemshukuru. Lakini alikuwa Rashidi, na mimi nilisikia jambo moja tu: amemrudisha dada yangu nyumbani, sasa ananifundisha kufuta gari mbele ya watu.

"Nitalileta kesho," nikasema. Nikaondoka.

Njiani nikawa napiga hesabu ya kiburi. Anachofanya Rashidi ni nini hasa? Ni kusugua. Ana dawa ya kopo, ana manyoya ya kondoo, ana mashine inayozunguka. Mimi nina mikono miwili, na gari hili nalijua kuliko yeye. Kulipeleka kwa fundi mwingine nako niliona haya, maana wangeuliza kwa nini nimemruka shemeji. Nikasema nitalifanya mwenyewe, liwake, patroni amsifu Rashidi, halafu mimi nimwambie: siye yeye, ni mimi. Nilitaka kumwona Rashidi akipungua hata kwa kidogo tu.

Nikanunua dawa ya kusugulia. Mashine ya polishi sikuwa nayo, basi nikaenda kwa mzee Kassimu, mchomeleaji wa mageti, nikaazima kwake mashine ya kusagia vyuma. Nilimwambia nataka kusafisha kutu kwenye geti. Nikaifunga kipande cha ngozi ya kondoo mahali pa jiwe lake la kusagia, nikaikaza kwa waya.

Ninaishi peke yangu, na ua wangu una ukuta. Jumapili nikaliingiza gari ndani, nikaanza na mlango ule ulioparuzwa na miba. Nisikudanganye, ulipendeza. Mikwaruzo ilipotea, buluu ikatoka kama mpya. Nikacheka peke yangu. Nikasema, kumbe ufundi wenyewe ndio huu.

Nikahamia kwenye kapo.

Mashine ya kusagia vyuma inazunguka kwa kasi mno, haikutengenezwa kwa rangi. Mlangoni niliponea kwa bahati. Kwenye kapo nikaona alama moja haitoki, nikakandamiza. Nikasikia harufu ya kuungua. Nilipoinua mkono, rangi ilikuwa imetoka kama utando wa maziwa, na chini yake palikuwa kijivu. Kipande kama sahani ya chai.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikataka kusawazisha kingo. Sahani ya chai ikawa sahani ya wali. Kule kwenye mkunjo wa bati, pale Rashidi alipopitisha kidole, ikafika mpaka chuma.

Nikazima mashine, nikakaa chini.

Nikamfikiria patroni, nikamfikiria bibi harusi, nikafikiria kibarua changu. Kisha likanijia wazo. Watu husema mawazo kama yale huletwa na shetani. Hili langu lilikuja kama zawadi. Patroni aliniambia nimpelekee Rashidi. Watu waliniona garaji. Kwani nani atajua?

Na siku ya Rashidi ikawa imefika.

Patroni aliporudi kutoka Rusumo, nililiegesha gari mbele ya duka na kusimama kando yake, uso umenywea. Alizunguka mara moja, akafika mbele, akashika kichwa.

"Nani alifanya hii?"

"Rashidi, patroni. Aliniambia nimpelekee nyumbani kwake Jumapili, ili mwenye garaji asijue. Nilipokwenda kulichukua nikalikuta hivi."

Hicho kipande cha mwenye garaji nilikiongeza kwa makusudi. Nilijua patroni akikasirika, hasira yake itapoa siku moja. Lakini mwenye garaji akisikia fundi wake anamwibia wateja, Rashidi hana pa kurudi. Niliutengeneza uongo ule kama mtu anavyonoa kisu, pande zote mbili.

Tukaenda garaji mimi na patroni. Mwenye garaji akatoka, mafundi wakatoka. Rashidi alipoona kapo ile alikuja karibu, akainama, na kwanza alisikitika. Kweli, alisikitikia rangi kabla hajajua kwamba anashitakiwa.

"Nani amelifanyia hivi?"

"Wewe," patroni akasema. "Nyumbani kwako. Jumapili."

Rashidi akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, sema tena ukiniangalia machoni."

Nikamwangalia. Nikasema, "Wallahi, ni wewe."

Ndugu yangu, niliapa kwa jina la Mungu mchana kweupe, na ulimi haukuuma. Niliona macho ya Rashidi yakibadilika. Nilidhani nitaona hasira, lakini nilichokiona kilikuwa kama cha mtu aliyeelewa kitu. Alijua kwa nini nafanya vile. Hakunishitaki. Alisema tu, "Mimi sikuligusa gari hili," akavua koti lake la kazi.

Mwenye garaji alimfukuza palepale.

Nikasema sitaishia hapo. Nikaisambaza habari kwenye kituo cha madereva, kwenye mkahawa wa chai na mandazi, nje ya msikiti baada ya swala. "Msimpelekee Rashidi gari, siku hizi mkono umemwisha." Mtu akija kwake nyumbani kumpa kazi ndogo, kesho yake alikuwa ameshasikia. Nilimpita amekaa mlangoni kwake saa za kazi, mikono mapajani, safi, haina rangi hata kidogo. Niliona utamu. Sina neno jingine. Ulikuwa utamu wa kweli, na nilipunguza mwendo ili niuonje vizuri.

Harusi ilifanyika kwa gari la kuazima. Patroni hakunilaumu, alimlaumu Rashidi. Kabla mvua za vuli hazijaanza, Rashidi alifunga mlango wake akahamia Bujumbura. Nilipomwambia Zaina, nilimwambia nikitabasamu.

"Yule mtu wako amekimbia mji."

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliuweka chini, akaingia ndani, na hakutoka mpaka jioni. Nikasema moyoni, wanawake, hata aliyewaumiza wanamlilia.

Kilichoniangusha ni ile mashine. Nilikuwa nimeirudisha kwa mzee Kassimu bila kuisafisha. Muda ukapita, siku alipoifungua kuisafisha akaona buluu imegandia kila mahali, imeingia mpaka kwenye tundu za hewa. Alikuja kwa mama kunitafuta, akamkuta Zaina.

"Mwambie kaka yako," akasema, "akitaka kupiga gari polishi asidanganye kwamba ni geti. Mashine yangu ameijaza rangi."

Zaina akamuuliza rangi gani. Akamwambia. Akamuuliza lini. Akamwambia: kabla ya harusi ya binti wa patroni wake.

Alikuja kwangu kwa miguu, akasimama uani. Hakutaka kiti.

"Kaka, gari uliliunguza wewe?"

Nilitaka kukana. Lakini alikuwa ananiangalia kama baba alivyokuwa akituangalia, nikashindwa.

"Nililiunguza. Lakini yule alistahili, Zaina. Alikuacha. Alikurudisha nyumbani kama mzigo."

"Mimi ndiye nilimwomba aniache."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mimba yangu ilitoka," akasema. "Hukujua, hatukuwaambia watu. Mama yake alikuwa akiniambia maneno kila siku, mimi nikachoka na ile nyumba, nikachoka na kila kitu. Nikamwambia Rashidi aniache nirudi kwetu. Alikataa. Nilimsumbua mpaka akakubali, na alilia siku ile. Masanduku yangu aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye kona yetu. Alishindwa kufika mlangoni kwa kukuonea haya."

"Mbona hukuniambia? Nilikuuliza."

"Uliuliza amenifanya nini. Hukuuliza nini kimetokea."

Akaendelea, na hili ndilo lililonimaliza:

"Tulikuwa tumeelewana kurudiana. Alikwisha kupanga nyumba nyingine, mbali na ya mama yake. Ijumaa baada ya ile harusi wazee wake walikuwa waje kwako, maana wewe ndiye walii wangu. Alitaka kuja kwa heshima, aombe upya. Nawe ukamwapia Mungu uongo mbele ya watu. Unajua kwa nini hakukujibu? Alinitumia ujumbe, nami sikuuelewa mpaka leo: siwezi kumwaibisha kaka yako halafu nimwombe mkono wako."

Nikamwambia, "Zaina, nisamehe." Akasema, "Sijaja kusamehe," akaondoka.

Kama ulidhani kisasi ni changu peke yangu, sikiliza. Damu ni moja. Kesho yake asubuhi dada yangu alijitanda vizuri, akaenda mpaka dukani kwa patroni, na mbele ya wateja akamweleza kila kitu. Alimtaja Kassimu, akaitaja mashine. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika funguo. Hakunitazama hata mara moja.

Nilingoja kufukuzwa. Patroni alizungusha kalamu vidoleni. Alikuwa bado hajalipaka gari rangi. Alikuwa anamtafuta fundi wa kuaminika, na aliyemwamini tulikuwa tumemfukuza.

"Wewe uliapa mbele yangu," akasema. "Ukanifanya niseme uongo na mdomo yangu, kwa mtu hana kosa."

"Ndiyo, patroni. Nifukuze."

"Nikufukuze uende wapi, ukapumzike? Hapana. Kazi unayo. Lakini ile kapo sitapaka rangi. Utaendesha gari hivyo. Na kila mtu atauliza, patroni, gari yako iko nini, wewe ndiyo utajibu. Utasema: niliunguza mimi, nikasingizia Rashidi. Siku nikisikia umejibu kitu ingine, hapo ndipo utaondoka."

Nilidhani ni maneno ya hasira, yatapita. Bado hayajapita. Kila mahali tunaposimama kuna mtu wa kuuliza, na patroni hujifanya anatafuta kitu mfukoni ili anisikilize. Nimemjibu askari kwenye kizuizi cha barabara. Nimemjibu padri. Nimewajibu madereva wenzangu kituoni, walewale niliowaambia mkono wa Rashidi umekwisha. Mmoja alitema mate chini, akahamisha gari lake. Mwanzoni nilikuwa nalisema haraka haraka, nikila maneno. Patroni akaniambia, "Taratibu. Hajasikia."

Nilikwenda pia kwa mwenye garaji, kwa hiari yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeshaweka fundi mwingine. Unataka nifanye nini na ukweli wako sasa?"

Zaina alimfuata Rashidi Bujumbura. Ba'mdogo wetu anaishi huko, na yeye ndiye aliyesimama kuwa walii, mahali pangu. Ndoa ikafungwa, wakala pilau, mama akasafiri kwenda, mimi sikuambiwa mpaka mama aliporudi. Nikamuuliza mama kama kuna salamu zangu. Akasema, "Rashidi anakusalimu." Nikangoja. Nikauliza, "Na Zaina?" Mama akaanza kufungua mizigo yake.

Wakati mwingine nikiwa peke yangu garini hasira hunirudia, nikataka kumlaumu Kassimu kwa mdomo wake, Zaina kwa ukimya wake, patroni kwa ukatili wake. Naiona inakuja, naijua sura yake, kwa sababu nililala nayo kitanda kimoja muda mrefu. Siwezi kukuahidi kwamba imekwisha. Naweza kukuambia tu kwamba sasa nikiiona naifungulia dirisha itoke.

Yule niliyetaka akose kila kitu amepata kazi huko, anaitwa fundi kwa heshima, na mke wake yuko naye. Asiye na dada ni mimi.

Kwa hiyo wewe uliyenisoma, kama gari lako limekwaruzika na hujui kazi hiyo, tumia maji, kitambaa laini na mkono wako, na kazi inapokushinda mpe anayejua, hata kama humpendi. Kama una ugomvi na mtu, gombana naye usoni, juu ya jambo lenyewe. Kazi ya mikono yake iache, maana hiyo ndiyo inayolisha hata wasiohusika.

Na kama unamlipia mtu mwingine kisasi, nduguyo, mama yako, rafiki yako, nenda kwanza ukakae naye. Usimuulize amefanywa nini. Muulize kimetokea nini, kisha unyamaze mpaka amalize.